Mtaro Mmoja, Kebo Nyingi: Vibali vya Faiba Arusha na Meru

Mjadala wa intaneti katika Jiji la Arusha huishia kwenye bei ya vifurushi. Ninadai kwamba chanzo cha bei hiyo kimelala futi chache chini ya ardhi, na juu yake kuna rundo la vibali.

Kebo ya faiba yenyewe si ghali kiasi hicho. Uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, ukipitia kigawanyio huhudumia nyumba 32 hadi umbali wa kilomita 20 hivi. Kebo ya nyuzi 24 basi yaweza kufikia nyumba 768, idadi inayomtosha kabisa mtoa huduma mdogo. Gharama inayomlemea ni sururu, vibarua, kufukia na kurudisha lami.

Tumfuate mtoa huduma huyo anapovuta kebo kutoka mjini kwenda Usa River. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ni hatua ya kwanza tu. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Akichepuka kuingia mtaani anakutana na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Akitaka kutundika kebo kwenye nguzo za umeme, azungumze na TANESCO. Akichimba karibu na mabomba ya maji, na mamlaka ya maji. Njiani anatoka kwenye mamlaka ya Jiji na kuingia Halmashauri ya Meru. Kampuni kubwa ina mwanasheria wa kufuatilia yote hayo. Mdogo hufuatilia mwenyewe, huku mafundi wake wakisubiri.

Wapo wasemao redio za intaneti isiyo na waya zinatosha. Zinatosha pale minara inapoonana. Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500 unasimama kati ya mji na Ngarenanyuki, na huku Tengeru miti na migomba mirefu hukinga mawimbi. Faiba haihitaji kuona mnara.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inatambua matumizi ya pamoja ya miundombinu. Kinachotakiwa ni kuyaanzisha mapema, barabara inapochorwa. Barabara ya Sakina–Tengeru, kilomita 14.1, ilipopanuliwa kuwa njia nne, ardhi ilikuwa imeshafunuliwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo ya kulaza mabomba matupu yenye chemba kila baada ya mita kadhaa, kisha kuyakodisha kwa bei moja kwa mkubwa na mdogo. Kibali cha kuchimba kitolewe mara moja, kwa mwenye bomba. Wengine waombe nafasi ya kupitisha kebo tu.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba mtaro mmoja ukikatwa, wote huzimika. Ni kweli, na ndiyo maana mtaro wa pili ufuate barabara ya mchepuo inayozunguka mji kwa kusini, njia mbili zifunge duara. Tingatinga likikata kebo Tengeru, mwanga utazungukia upande wa mchepuo, na mwanafunzi wa Usa River ataendelea na somo lake.