Kwa Nini Tuseme Kiigaji

Kiigaji cha urukaji ni mtambo au programu ya kompyuta inayotenda kama ndege itendavyo angani, ilhali anayeirusha ameketi chini. Kifaa hiki kina majina mengi kwa Kiswahili, na hakuna lililotulia. Wanafunzi wa urubani husema simuleta, vijana husema gemu ya ndege, na wengine huandika kiigizi. Mimi natetea kiigaji. Hoja yangu naijenga juu ya safari moja ndefu ambayo mtu anaweza kuirusha nyumbani kwake: Nairobi hadi New York, njia ambayo Kenya Airways ilianza kuiruka moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8.

Kwanza historia ya kifaa chenyewe. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alitengeneza kasha dogo lenye mabawa mafupi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na kutoka humo Link alichukua ujuzi wa mivukuto na pampu za hewa. Kasha lilikaa juu ya mivukuto hiyo, na mwanafunzi aliposogeza usukani liliinama na kugeuka. Wengi walilichukulia kama kitu cha kuchezea katika viwanja vya burudani. Mambo yalibadilika mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani ambao hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu na giza kwa kutegemea vipimo peke yake walianguka na kufa. Jeshi likanunua makasha ya Link, na katika Vita Kuu ya Pili marubani kwa mamia ya maelfu walijifunza humo.

Uigaji uliingia majumbani kupitia kompyuta. Bruce Artwick alitunga programu ya urukaji kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa ya kwake iliyotokana na kazi ya Artwick. X-Plane ilifuata miaka ya 1990, na FlightGear hupatikana bure hadi leo. Kinachoziunganisha programu hizi na kasha la Link ni hesabu: kila sehemu ndogo ya sekunde programu hukokotoa uzito, msukumo wa injini, nguvu ya kunyanyua na ukinzani wa hewa, kisha huamua ndege iwe wapi na imeelekea wapi.

Sasa turudi Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mabawa hunyanyua kwa shida zaidi na injini hutoa msukumo pungufu. Ukipakia 787 mzigo na mafuta yaleyale kisha ukaijaribu Nairobi na Dar es Salaam, Nairobi itakula sehemu ndefu zaidi ya barabara ya kurukia. Katika kiigaji kizuri hakuna aliyeandika amri kwamba Nairobi ni pagumu. Ugumu huo hutokana na hesabu ya hewa, kama unavyotokana na hewa yenyewe kwa rubani wa kweli.

Baada ya kupaa, ndege huelekea kaskazini-magharibi. Anayeitazama ramani bapa hushangaa, kwa sababu mstari ulionyooka kwenye karatasi ungempeleka magharibi zaidi, juu ya misitu ya Afrika ya Kati. Lakini dunia ni tufe, na njia fupi kati ya vituo viwili juu ya tufe hufuata kile ambacho wanahesabu huita duara kuu. Ukivuta uzi juu ya tufe la darasani kutoka Nairobi hadi New York, uzi utapita Sahara, uvuke Atlantiki ya Kaskazini, na njia unayoionyesha ina urefu wa zaidi ya kilomita 11,800. Ule mstari wa karatasi huongeza mamia ya kilomita. Mpango wa safari ndani ya kiigaji hupangwa kwa kufuata ukweli huohuo wa umbo la dunia.

Baada ya hewa na njia, jambo la tatu ni uzito, na hapa ndipo safari ndefu inapofundisha kuliko safari fupi. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa 787-8 inapopaa ni tani 228 hivi, na matangi yakijaa hubeba takribani tani 100 za mafuta. Ikiwa nzito namna hiyo, ndege haiwezi kukaa juu sana bila kuhangaika. Rubani huanza chini kidogo, tuseme futi 34,000, na mafuta yanapopungua hupanda hatua kwa hatua hadi 36,000, kisha 38,000. Anayerusha nyumbani asipopanda atachoma mafuta zaidi ya alivyopanga. Akipanda mapema mno, mwendo utashuka na ndege itakaribia kupoteza nguvu ya kunyanyua. Pepo nazo zina kauli: zile kali za tabaka la juu, zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki, ndizo zinazofanya safari ya kwenda New York ichukue saa 15 hivi, na ya kurudi 14. Programu za leo huweza kupokea hali halisi ya hewa kwa intaneti, na tofauti hiyo huonekana sebuleni.

Tukiyashika hayo, tunaweza kuyapima majina. Gemu ya ndege halitoshi, kwa sababu gemu huwa na mshindi na alama, na hapa hakuna vyote viwili. Simuleta linaeleweka kwa anayejua Kiingereza, lakini kwa wengine linavuta sikio kuelekea simulia na simulizi, maneno ya hadithi yasiyohusiana nalo kwa asili. Kiigizi linatokana na kuigiza, na kuigiza ni kazi ya jukwaani: mwigizaji wa daktari hatibu mtu, anawaonyesha watazamaji sura ya daktari. Kuiga ni kutenda kama mwingine atendavyo. Programu iliyonileta hadi Sahara ikijua uzito wake, hewa yake na upepo wake inatenda. Tena kitenzi hiki kinazaa ukoo mzima bila kulazimishwa: kuiga, uigaji, kiigaji, viigaji. Istilahi yenye ukoo hudumu.

Nasema kiigaji cha urukaji, wala sisemi cha urubani, kwa sababu kinachoigwa ni mwenendo wa ndege hewani. Urubani, yaani kupanga njia, kusoma vipimo na kuamua, anaufanya mtu mwenyewe. Kiiga ndege nalo lingekuwa fupi kwa mfano wa kipimajoto, lakini ndege kwetu ni mnyama pia, na msomaji angeweza kudhani ni kifaa cha kulia kama kwale.

Atakuwepo wa kupinga kwamba kuiga kuna sifa mbaya, kwani wahenga walionya kwamba ukimuiga tembo kunya utapasuka msamba. Onyo hilo ni kwa anayeiga asichokiweza. Mwanagenzi wa seremala humuiga fundi wake jinsi ya kushika randa mpaka mkono ukazoea, na hakuna anayemcheka. Kiigaji kipo kwa ajili ya mazoezi ya namna hiyo, ambamo kosa halimuui mtu.

Jina hili pia linaonyesha mpaka wake kwa uaminifu. Kinachoiga si kile kinachoigwa. Kiigaji cha nyumbani hakibani masikio wala hakiusukumi mwili kitini, na saa zake haziingii katika daftari la rubani. Kwa mafunzo ya leseni hutumika viigaji vilivyokaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga.

Ninawaomba walimu wa vyuo vya urubani, wahariri wa magazeti na wafasiri wa programu waliandike neno hili na kulitumia bila kulifungia alama za mtajo. Kiigaji cha meli, kiigaji cha treni, kiigaji cha upasuaji: vyote vinakuja au vimeshafika, na jina moja lililo wazi linatosha kuvipokea.