Gitaa la Kongo: kasi ya vidole na utamu wa wimbo

Nicolas Kasanda, mzaliwa wa Mikalayi huko Kasaï, alijulikana kama Docteur Nico. Katika African Jazz ya Joseph Kabasele, bendi iliyorekodi Indépendance Cha Cha mjini Brussels mwaka 1960, alipiga gitaa la umeme kwa vidole vyepesi, lakini wimbo ndio ulitangulia. Watu walisikiliza kwanza maneno polepole, kisha seben ikaja na dansi.

Franco Luambo wa OK Jazz hakuhitaji mbio. Katika seben alirudia sauti chache mpaka dansi ikakolea.

Miaka ya 1980, huko Paris, Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, alipiga na Kanda Bongo Man. Sehemu ya polepole ilipunguzwa, seben ikaanza mapema. Kwa kasi yake Diblo aliitwa "Machine Gun", yaani bunduki ya rashasha.

Je, kasi iliua hisia? Hapana. Nico pia alikuwa na kasi. Kilichopungua ni ule muda wa kuingojea seben. Na jina la bunduki ni zito kwa nchi inayojua mlio wake, lakini gitaa lile liliita watu kucheza, si kukimbia.