Mchuzi wa Dengu Katika Nchi ya Wakamba

Kabla ya reli kufika Mtito Andei, Kibwezi na Makindu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, chungu cha Mkamba hakikupungukiwa na kunde wala mbaazi. Kilichokosekana ni bizari, na ile desturi ya kuunguza kitunguu katika samli moto ndipo mchuzi uungwe. Jambo hili yafaa lisemwe mapema, maadamu wako wanaodhani kwamba chakula chote cha dengu kilishuka katika gari la moshi pamoja na Wahindi, na dhana hiyo yamdhulumu mkulima wa Ukambani. Mbaazi, ambazo kwa Kikamba ni nzuu, asili yake ni Bara Hindi, lakini zilikwisha kuwa mmea wa wenyeji kabla ya reli kufikiriwa. Mizizi yake huzama chini sana, hata mvua za vuli zikikatika na mahindi yakakauka, mbaazi husimama shambani zikingoja masika. Mama wa Kikamba alizichemsha polepole juu ya mafiga, pamoja na nafaka, akalisha nyumba nzima kwa chungu kimoja.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na watu wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, aghalabu Punjab, kuja kuijenga. Posho yao ilikuwa mchele, unga wa ngano, dengu na samli, na miongoni mwa waliopata kandarasi ya kuwaletea vyakula ni tajiri A. M. Jeevanjee wa Karachi. Miaka hiyohiyo, 1897 hadi 1899, Ukambani ulipatwa na njaa kuu iliyoitwa Ngomanisye, hata ikawa magunia ya chakula cha wajenzi yanapita kwa mabehewa katikati ya nchi inayozika watoto wake. Anayeyasifu mapishi yaliyokuja na reli, nami ni mmoja wao, hana haki ya kuinyamazia njaa hiyo.

Kazi ilipokwisha, wengi walirejea kwao. Waliobaki, na wafanyabiashara wa Kigujarati waliowafuata, wakafungua maduka Kitui mjini na katika vituo vya njiani, kama Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Mwenye duka alinunua ngozi, nta na samli, akauza chumvi, nguo na bizari. Nyuma ya duka palikuwa na jiko, na katika jiko hilo mpishi wa Kikamba aliona dengu zilizokobolewa zikichemshwa kwa manjano mpaka zikavurugika zenyewe, kisha samli ikapashwa katika chombo kingine, ikatiwa bizari nyembamba mpaka ipasuke, ikafuata thomu na pilipili, na vyote vikamiminwa juu ya mchuzi kwa kishindo. Aliporudi kwake hakuiga kila kitu. Aliziacha ndengu, yaani choroko, na maganda yake, akaziunga kwa kitunguu na nyanya, baadaye na dania, akazipika nzito kuliko za Mhindi. Na chapati, ambayo kwa Mpunjabi ni chakula cha kila siku, yeye akaifanya chakula cha sikukuu na cha kumkirimu mgeni. Kwa maoni yangu huo si mwigo. Ni upishi mpya, nao una wenyewe.

Upishi wenyewe wa asili bado waonekana Makindu, katika hekalu walilolijenga Masingasinga wa reli mwaka 1926, zama kituo hicho kilipokuwa na karakana ya injini. Kwa mujibu wa desturi iliyoachwa na Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, aliyefariki mwaka 1539, jiko la hekalu halimbagui mtu wala halidai malipo: dereva wa lori, Mkamba wa kijijini na tajiri wa Nairobi huvua viatu, hufunika vichwa, na hupewa dengu na chapati zilezile.

Siku hizi safari imegeuka. Mbaazi za Makueni na Kitui hununuliwa kavu kwa gunia, zikakobolewa viwandani au zikasafirishwa nzima kwenda India, ambako mahitaji ni makubwa mno kuliko mavuno. Ndiyo sababu serikali ya huko ilipowekea mbaazi za kutoka nje mpaka wa tani 200,000 kwa mwaka mnamo Agosti 2017, bei iliporomoka mashambani tangu Msumbiji hadi Tanzania, na mkulima wa Afrika ya Mashariki akajua jinsi riziki yake ilivyofungwa na sufuria za Delhi na Mumbai. Lakini zile mbichi, zinazochumwa kijani kabla hazijakauka, hazimngoji mnunuzi wa ng'ambo. Hupikwa nyumbani siku ileile, na Ukambani hupendwa sana.