Swali na Mamlaka: Historia ya Sarufi ya Maswali ya Kiingereza katika Meru na Embu

Vitabu vya sarufi hugawa maswali ya Kiingereza katika aina nne: maswali ya kukubali au kukana, maswali yenye viulizi, maswali ya uteuzi, na maswali mkia yanayotafuta uthibitisho. Aina hizi hutegemea sana kanuni moja, yaani kitenzi kisaidizi kutangulizwa mbele ya kiima. Pasipo na kisaidizi, "do" huletwa kushika nafasi hiyo. Katika Kimeru na Kiembu, kama ilivyo katika Kiswahili, mpangilio wa maneno aghalabu haubadiliki. Kiimbo peke yake huweza kuifanya kauli kuwa swali, na kiulizi huweza kubaki baada ya kitenzi, kama katika "Unakwenda wapi?" Mwanafunzi anayesema "You are going where?" hajakosa sarufi, amehamisha sarufi aliyo nayo.

Jambo hili lina historia yake. Wamishonari wa Church Missionary Society walifika Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti wakaanzisha kituo cha Kaaga, Meru, mwaka 1912. Katika shule za awali za misheni, usomaji ulianzia katika lugha za wenyeji, na Kiingereza kikawa mali ya wachache waliofika madarasa ya juu. Hali ilibadilika baada ya mpango wa New Primary Approach, ulioanza Nairobi mwaka 1957, na hasa baada ya Tume ya Ominde ya 1964 kupendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulibaki kwa Kiingereza. Mtoto wa Meru au Embu akazoezwa kugeuza kauli kuwa swali ili apate alama. Haja ya kuuliza jambo asilolijua haikuwa sehemu ya zoezi hilo.

Aidha, kanuni aliyofundishwa kama kwamba ni ya milele ina umri mfupi. Hadi karne ya 16, Kiingereza kiliweza kutanguliza kitenzi kikuu chenyewe kabla ya kiima, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado imejaa miundo ya namna hiyo. Kutumia "do" katika maswali kulienea polepole. Mkia "isn't it", unaotumiwa na wasemaji wengi wa Afrika Mashariki bila kujali kiima kilichotangulia, nao una mwenzake katika "sivyo?", neno lisilobadilika kwa nafsi wala njeo.

Tofauti hizi zina uzito nje ya darasa. Aulizwaye "Hukumwona?" akajibu "Ndiyo" huwa amekubali kwamba hakumwona, katika Kiingereza, "yes" kwa swali kama hilo humaanisha alimwona. Mbele ya hakimu au afisa asiyejua tofauti hiyo, jibu la kweli laweza kuandikwa kinyume chake.

Ndiyo maana fasihi imelitambua swali kuwa chombo cha mamlaka. Micere Githae Mugo alizaliwa Baricho mwaka 1942, wakati Kirinyaga ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Embu. Katika The Trial of Dedan Kimathi (1976), aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, mshtakiwa anaulizwa iwapo ana hatia, naye ananyamaza. Swali hilo ni la uteuzi, na sarufi yake humpa majibu mawili tu, yote yakiwa yamekwisha kuikubali mahakama. Anapokivunja kimya chake, Kimathi huhoji uhalali wa mahakama yenyewe. Aliyewekwa mahali pa kujibu amechukua nafasi ya kuuliza.

Kwa mtazamo huu, ufundishaji wa maswali hauishii kwenye nafasi ya kitenzi kisaidizi. Mwalimu anayeanza na swali la Kimeru au la Kiembu, akalilinganisha na la Kiingereza, humwonyesha mwanafunzi kanuni mbili kamili zilizokutana. Anayefuta tu kwa kalamu nyekundu humfunza mtoto kwamba kuuliza ni kukosea, na mtoto aliyefunzwa hivyo hujifunza upesi kunyamaza.