Kiwiko cha Mtupaji: Dodgers na Miaka Sitini ya Kuhofia Majeraha

Katika besiboli, mchezo wenye mizizi mirefu Marekani, Japani na visiwa vya Karibi, mtupaji wa kuanza ndiye anayefungua mechi kwa kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani kutoka umbali wa mita 18.44, na kwa desturi ya zamani alitarajiwa kuendelea hadi awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, ikieleweka kwamba katika kila awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Kazi hiyo huutaka mkono mmoja urudie tendo lile lile la nguvu mara mia moja au zaidi kwa siku, kisha upumzike siku chache na kuanza tena, kwa miezi sita mfululizo. Los Angeles Dodgers ni klabu ambayo ndani yake mabadiliko yote makubwa ya fikra kuhusu uimara wa watupaji yanaweza kufuatiliwa, tangu enzi ya kuvumilia maumivu, ikaja enzi ya kisu cha daktari, hadi enzi hii ambayo klabu huajiri watupaji wengi kwa kutarajia kwamba baadhi yao wataumia.

Enzi ya uvumilivu ilifika kileleni kwa Sandy Koufax, mtupaji wa mkono wa kushoto aliyejiunga na klabu hiyo mwaka 1955, ilipokuwa bado Brooklyn, mjini New York. Kabla ya msimu wa 1965 kuanza, mkono wake ulivimba na kuvia damu, na kiwiko kilikuwa na baridi yabisi, yaani ugonjwa wa kuharibika kwa maungio ya mifupa, uliosababishwa na kurusha kwa miaka mingi. Mpango wa kwanza ulikuwa arushe mara moja tu kwa wiki. Mpango huo haukudumu, kwa kuwa mwaka huo huo alirusha awamu 335 na theluthi mbili, na katika mechi ya saba ya World Series, ambayo ni fainali ya ubingwa, aliingia uwanjani baada ya mapumziko ya siku mbili tu na kuizuia Minnesota isipate pointi hata moja. Ili aweze kufanya hivyo alitumia vidonge vya kutuliza maumivu, dawa za kupunguza uvimbe, marhamu ya moto iliyotengenezwa kwa pilipili, na baada ya mechi alikizamisha kiwiko katika maji ya barafu.

Mwaka 1966 alianza mechi 41, akazimaliza mwenyewe 27, akashinda 27, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila awamu tisa, bila zile zilizotokana na makosa ya wenzake, ukawa 1.73. Novemba mwaka huo alitangaza kustaafu akiwa na umri wa miaka 30, kwa kuhofia kwamba angebaki na mkono usiofaa kwa shughuli za kawaida za maisha. Mwenzake Don Drysdale, ambaye mwaka 1968 alirusha awamu 58 na theluthi mbili mfululizo bila kuruhusu pointi, aliacha mchezo mwaka uliofuata kwa jeraha la bega akiwa na miaka 33. Ni kweli kwamba Don Sutton, aliyeanza kuichezea Dodgers mwaka huo wa 1966, aliendelea hadi 1988 na kuanza mechi 756, na mara nyingi watetezi wa desturi ya zamani humtaja yeye kama ushahidi. Lakini mtu mmoja aliyenusurika hathibitishi kwamba njia ilikuwa salama, hasa anapowekwa karibu na wawili waliokuwa bora kuliko yeye na ambao hawakunusurika.

Mabadiliko ya pili yalianza tarehe 17 Julai 1974, wakati Tommy John, mtupaji wa kushoto wa Dodgers aliyekuwa ameshinda mechi 13 na kushindwa 3 tu msimu huo, alipohisi kiwiko kikiachia katikati ya mechi dhidi ya Montreal. Kilichokatika kilikuwa ligamenti, yaani ukano unaoshikamanisha mfupa mmoja na mwingine, ulioko upande wa ndani wa kiwiko. Mtupaji anapovuta mkono nyuma na kuupeleka mbele kwa kasi, sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko hubaki nyuma kidogo ya ile ya juu, na ukano huo mdogo ndio huizuia mifupa isiachane. Misuli huweza kuimarishwa kwa mazoezi, lakini ukano hauimariki kwa kiasi hicho, hivyo kadiri mtupaji anavyopata nguvu ndivyo anavyoweza kuuzidishia mzigo usiouweza.

Daktari wa klabu, Frank Jobe, aliamua kufanya jambo ambalo halikuwahi kufanyiwa mtupaji yeyote. Tarehe 25 Septemba 1974 alichukua tendoni, yaani ukano unaounganisha msuli na mfupa, kutoka mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu katika mifupa miwili inayokutana kwenye kiwiko cha kushoto, akaipitisha tendoni hiyo humo kwa umbo la namba nane ichukue nafasi ya ligamenti iliyokatika. Jobe alikadiria kwamba uwezekano wa mchezaji huyo kurudi uwanjani ulikuwa mmoja katika mia, na ilimlazimu kumpasua tena miezi michache baadaye kwa sababu neva ya mkono ilikuwa imedhurika na vidole vilikuwa vimejikunja. John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, akashinda mechi 20 mwaka 1977, na aliendelea hadi 1989 alipokuwa na miaka 46. Kati ya ushindi wake 288, 164 ulipatikana baada ya upasuaji, ambao tangu hapo umeitwa kwa jina lake badala ya jina la daktari.

Mafanikio hayo hayakuifanya Dodgers iwe na huruma zaidi kwa mikono ya watupaji wake. Fernando Valenzuela, kijana kutoka jimbo la Sonora nchini Mexico, aliyetwaa tuzo ya Cy Young ya mtupaji bora mwaka 1981 akiwa na miaka 20, aliachwa arushe zaidi ya awamu 250 kwa msimu mara nyingi, na mwaka 1986 alimaliza mwenyewe mechi 20. Bega lake lilishindwa mwaka 1988, na timu ikatwaa ubingwa bila yeye kucheza fainali. Aliyeibeba timu mwaka huo alikuwa Orel Hershiser, aliyerusha awamu 59 mfululizo bila kuruhusu pointi, akamaliza mwaka na zaidi ya awamu 300 zikijumlishwa zile za mechi za ubingwa. Aprili 1990 Jobe alilifanyia bega la Hershiser upasuaji mkubwa, naye Hershiser alirudi uwanjani Mei 1991. Tabibu alikuwa amekuwa mzuri kiasi kwamba kocha hakuona haja ya kujizuia.

Katika miaka iliyofuata klabu zote, ambazo tayari zilikuwa zimeongeza watupaji wa kuanza kutoka wanne hadi watano, zilijifunza kuhesabu mipira na kuwaondoa watupaji hao mapema uwanjani. Mwaka 2024 mechi zilizomalizwa na mtupaji mmoja katika ligi kuu yote zilikuwa 28 tu, yaani moja zaidi ya zile alizomaliza Koufax peke yake mwaka 1966. Hata hivyo majeraha hayakupungua. Ripoti iliyotolewa na ligi hiyo Desemba 2024 ilionyesha kwamba watupaji waliingizwa katika orodha ya majeruhi mara 212 mwaka 2005 na mara 485 mwaka 2024, huku wastani wa mwendo wa mpira wa kasi ukipanda kutoka karibu kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi karibu kilomita 152. Mtupaji anayejua kwamba ataondolewa mapema hana sababu ya kuhifadhi nguvu, hivyo kila mpira huurusha kwa uwezo wake wote. Mzigo uliopunguzwa katika idadi ya mipira umerudishwa, tena kwa ukali zaidi, katika kila mpira mmoja.

Dodgers ya mwaka 2024 ni mfano ulio wazi. Yoshinobu Yamamoto wa Japani, aliyesaini mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325, aliumia bega mwezi Juni. Tyler Glasnow aliumia kiwiko Agosti. Shohei Ohtani hakurusha kabisa kwa kuwa kiwiko chake kilikuwa kimepasuliwa kwa mara ya pili. Na Gavin Stone, aliyerusha awamu nyingi kuliko wenzake wote, aliishia 140 na theluthi moja kabla ya kupasuliwa bega. Timu ilifika fainali ikiwa na watupaji watatu tu wa kuanza, mechi ya nne ikagawanywa miongoni mwa watupaji wa akiba, na bado New York Yankees ilifungwa mechi nne kwa moja. Mwaka 2025 Yamamoto aliimaliza mwenyewe mechi ya pili ya fainali dhidi ya Toronto, akaanza na kushinda ya sita, na kesho yake akaingia tena kuikamilisha ya saba. Wengi waliona humo ufufuo wa ushujaa wa kale, lakini katika msimu wa kawaida klabu ilikuwa imemtumia takriban mara moja kwa wiki, kama ilivyo desturi ya Japani, na huo ndio mpango ambao Koufax alikuwa ametengewa mwaka 1965 ukaachwa.

Suala hili linaihusu pia Afrika Mashariki, kwa sababu mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2022 Dodgers yenyewe ilisaini vijana wawili wa Uganda. Utafiti wa taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, uliochapishwa mwaka 2006, ulibaini kwamba vijana waliozoea kurusha huku mikono imechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji kuliko wenzao. Kanuni za Little League, zilizoanza kuhesabu mipira mwaka 2007, humruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira isiyozidi 85 kwa siku, na akipita 65 hutakiwa kupumzika siku nne. Makocha wa Uganda, pamoja na wale wanaojenga mchezo huu katika shule za Kenya na Tanzania, wanaweza kuitekeleza kanuni hiyo kwa daftari na kalamu, na inafaa waanze nayo kabla hawajanunua kipima mwendo cha kwanza.