Dhiki na Mizani: Abdilatif Abdalla Gerezani

Swali la kwa nini mtu hutunga shairi hujibiwa upesi mno madarasani: kuburudisha, kuelimisha, kuonya, kuhifadhi utamaduni. Majibu hayo si makosa, ila hayamgusi mtu. Diwani ya Sauti ya Dhiki yatudai jibu zito zaidi.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa (1946), aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka wa 1968, akiikosoa serikali ya KANU. Mwaka uliofuata alifungwa, na hakutoka hadi 1972. Muda mwingi alitengwa peke yake, tena bila ruhusa ya kuandika. Aliandika vivyo hivyo, kwa siri, kwenye karatasi za msalani.

Tungetarajia mtu aliye katika hali hiyo alie ovyo. Yeye alishika arudhi. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupotea: huhesabu mizani, huandika "8 ukwapi, 8 utao", kisha hukimbilia dhamira kana kwamba hesabu ile haina kazi. Kwa mfungwa ina kazi. Kula, kulala na kuota jua vyote hupangwa na askari. Urari wa vina ni sheria anayojiwekea mwenyewe. Isitoshe, ubeti wenye vina hukaa kichwani, hata karatasi ikinyang'anywa.

Tuchukue anwani moja tu, "Siwati". Katika Kimvita, kuwata ni kuacha. Mtahiniwa hulitia neno hili chini ya "matumizi ya lahaja", akapata alama yake, akapita. (Miongozo nayo humtosheleza kwa hilo.) Lakini mwalimu na amwulize: kwa nini si "siachi"? "Siachi" lingekuwa tamko la mtu yeyote. "Siwati" ni usemi wa nyumbani, wa mama na majirani wa Mombasa, unaotamkwa na nafsineni aliyenyimwa nyumba hiyo. Uchungu umo katika uteuzi wa neno, hauhitaji kutajwa. "Kuno Kunena" nalo, kwa anwani yake tu, linalitaja kosa lenyewe: kusema.

Oxford iliichapisha diwani hii mwaka wa 1973. Mwaka wa 1974 ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Mtunzi alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam.