Vazi la vita la Kijapani: namna ya kushikisha vibati kwenye kitambaa

Katika zama za Edo (1603-1868), wapiganaji wa Japani walikuwa pia na vazi la vita lenye kukunjika, lililoitwa tatami. Vibati vidogo vya chuma vilishonwa juu ya kitambaa, na pete ndogo za chuma ziliviunganisha.

Kwa mwenye kutengeneza vazi kama hilo la teatri hapa Lubumbashi, shaba nyembamba, ile mafundi wetu wanagongea picha, inafaa. Kitambaa kiwe kizito, kama jinzi ya zamani. Toboa tundu kwenye kona zote nne za kila kibati, kisha sugua matundu na kingo kwa msasa, maana makali ya bati ndiyo yanakata uzi. Shona kila kibati peke yake kwa uzi wa nailoni na ufunge fundo nyuma. Uzi mmoja ukikatika, vibati vingine vinabaki. Gundi peke yake haitoshi: jasho na kukunja-kunja vinaibandua. Acha nafasi kidogo kati ya vibati, ili mwili uweze kupinda.

Tuseme wazi: hilo ni vazi la mchezo tu. Halizuii risasi wala panga. Mtu asilivae akidhani linamkinga.